Mpaka wa Miezi Minane

Likoni, Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Mejumaa,

Usicheke kwanza. Lisome neno hilo mara ya pili, halafu ucheke ukitaka. Hali yako siulizi kwa sababu nakusikia: uko nyuma ya ukuta kwa Mama Zaituni, unasukwa, na kila akivuta nywele unapiga ukelele kama mtu anayeng'olewa jino. Kwa hesabu yangu nina saa mbili kabla hujarudi. Kesho asubuhi waondoka kwenda chuo Tanga, na kuna jambo nilipaswa kukwambia tangu mwaka jana. Kwa mdomo siwezi, wanijua. Jambo likiwa zito macho yangu hutafuta mlango. Kwa hiyo naandika.

Habari za chandarua na kuchemsha maji sitaziandika. Hizo anazo Bibi, na tangu asubuhi hajanyamaza.

"Bibi, mbuzi ya nazi ya nini? Tanga kuna nazi!"

"Nazi zipo. Mbuzi je?"

"Na mbuzi ipo, Bibi. Shangazi anayo."

"Ya shangazi yako ni ya shangazi yako. Hii ina meno ya kwetu."

Ukadhani umeshinda kwa sababu aligeuka akaondoka. Hukushinda. Mbuzi iko chini kabisa ya sanduku, imeviringwa kanga mbili. Nakwambia mapema ili afisa wa mpakani Lunga Lunga akikuuliza kile chuma ni cha nini usibabaike ukasema hukijui.

Sasa niseme. Nimekuzidi miezi minane. Bibi, ambaye kwangu mimi ni mama mzazi, alinizaa akiwa ameshaanza kuhesabu wajukuu, na miezi minane baadaye Dada Saumu, binti yake wa kwanza, akakuzaa wewe huko Tanga alikoolewa. Nilipofika miaka mitano nikapelekwa kwenu ili usicheze peke yako. Shule tukaanza pamoja, benchi moja, na masomo yote kwa Kiswahili. Siku zile sikuwa na haya. Utakumbuka nilikuwa naimba mbele ya darasa bila kuitwa.

Dada alipofariki tulikuwa darasa la tatu. Sitaandika mengi hapo, siku zile tunazijua sote wawili. Lakini kuna dakika moja ambayo huenda huijui vizuri. Siku ya tatu wazee walikaa ukumbini, na mjomba mkubwa akauliza, "Mama wa mtoto huyu ni mdogo wa marehemu. Yuko wapi?" Kwetu Wadigo hilo halina mjadala: mdogo wa mama ni mama, hata kama meno ya utoto hayajamalizika kinywani. Wakanitafuta nyumba nzima. Nilikuwa nyuma ya pipa la maji, nimejikunyata, nakula andazi. Mjomba akanishika bega akasema, "Mwanao huyu hapa." Mimi miaka tisa, wewe minane. Wewe ukanitazama, ukatazama andazi, ukasema, "Mama, nigawie."

Nikakugawia. Kipande kikubwa nilibakisha mimi, na hilo nalo nalikiri leo.

Baba yako alikuwa dereva wa malori ya katani, hana usiku wala mchana, akakubali Bibi atuchukue wote wawili. Ndipo tukavuka kuja Likoni, kwenye chumba hiki, na kitanda hiki cha futi tatu na nusu. Wiki ya kwanza ulichukua kanga, ukaikunja ikawa kamba, ukailaza katikati. "Huku kwangu, huko kwako." Kila asubuhi mpaka ulikuwa umesogea, na kila ukisogea ulisogea upande wangu. Nikilalamika unasema kanga imetembea yenyewe.

Nilipofika sekondari nikakisoma kitabu cha jiografia, ile sura inayosema dola ni kitu gani. Kwamba lazima kuwe na ardhi yenye mipaka, watu wanaokaa humo, serikali, na uwezo wa kushughulika na dola nyingine. Darasa zima walikuwa wanakariri, mimi nacheka peke yangu. Ardhi tunayo, nusu kitanda. Watu tuko. Serikali ni Bibi, na haina upinzani. Nchi jirani ni Mama Zaituni, ambaye tuna naye mkataba wa chumvi na kiberiti.

Lakini nimeruka shule. Waijua kesi yangu ya kibao, ila hujui niliielewaje. Tulipoingia darasa la nne hapa, mwalimu aliuliza kwa Kiingereza ni nini kinachotenganisha nchi na nchi. Mejumaa, nilikuwa naijua habari ile kuliko mtu yeyote mle ndani! Tanga tulifundishwa: mipaka mingine ni ya asili, kama mto au mlima, na mingine imechorwa tu na watu, mstari kwenye karatasi. Na mimi mpaka wenyewe nilikuwa nimeuvuka kwa miguu yangu. Nikasimama nikayasema yote kwa Kiswahili, vizuri, kwa sauti. Darasa likaangua kicheko. "Mtanzania! Mtanzania!" Mwalimu akanivika shingoni kile kibao cha mbao cha mtu aliyesema lugha isiyotakiwa, nikae nacho mpaka nimsikie mwingine akikosea, nimpe.

Sikumpa mtu. Nilikaa nacho kutwa, na kesho yake pia, kwa sababu kumtega mwenzangu sikuweza. Siku ya tatu wewe ukaja uwanjani wakati wa mapumziko, ukasimama mbele yangu na mbele ya kiranja, ukapiga kelele, "NINA NJAA! NATAKA MIHOGO!" Kiranja hakuwa na la kufanya. Akakivua kibao kwangu akakuvika wewe. Na wewe ukakivaa kama mkufu wa bibi harusi, ukazunguka nacho shule nzima ukisema Kiswahili kwa kila unayekutana naye, hata kwa paka wa jikoni.

Tangu siku hiyo mimi nikawa mtu wa kunyamaza. Nilijifunza Kiingereza, nikakijua, alama zangu zaonyesha. Lakini kila neno kabla halijatoka nililiuliza kwanza: uko upande gani? Ndipo haya yangu ilipoanzia. Wewe ulijifunza lugha zilezile mbili, chini ya mwalimu yuleyule, ukatoka na mdomo mara mbili.

Na raha zetu zilikuwa nyingi, nisiandike kama tuliishi kwa kibao tu. Ukumbuke Idi zote tulizokwenda kwa Bibi Mwanamisi, dada yake Bibi, kule karibu na Lunga Lunga. Shamba lake limekaa pale pale mpakani, na lile jiwe la serikali lenye namba liko karibu na mpapai. Yeye aanikia juu yake makopa ya muhogo. Simu ukiisogeza kutoka jikoni kwenda chooni yakukaribisha Tanzania, ukirudi yakukaribisha Kenya. Tulikuwa tunasimama mguu huku mguu huku, tunapiga kelele kwamba tuko nchi mbili, mpaka siku moja ukamwuliza:

"Bibi, hawa kuku wana pasi?"

"Wa hapa? Hawa wote ni wa magendo, mjukuu wangu. Yule jogoo ndiye mkubwa wao."

"Na wewe Bibi, ni Mkenya ama Mtanzania?"

"Mimi ni mke wa Hamisi. Nipe huo ungo."

Mwalimu wetu wa jiografia alitaabika muda mrefu kutueleza kwamba taifa si lazima liwe sawasawa na dola. Kwamba kuna watu wanaojihesabu kitu kimoja na mstari umepita katikati yao, na kuna walio ndani ya mstari mmoja wasiojuana hata kwa salamu. Mimi nilikuwa nawaza jogoo.

Halafu tukakua. Na hapa ndipo lawama yangu inapoanzia, kidogokidogo. Wewe uliniita mama popote. Dukani. Msikitini. Mbaya zaidi kwenye feri ya kwenda Mombasa, watu elfu wamebanana wanangojea lango lifunguliwe, mara sauti kutoka nyuma: "Mamaaa! Ningoje!" Mimi nina miaka kumi na sita, nimevaa sare ya shule. Watu wanageuka. Kuna mama mmoja alinitazama tumboni, akakutazama wewe kimo chako, akasema, "Subhanallah." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilitamani maji ya kivuko yapande juu yanifunike. Nikakukataza, ukaongeza. Nikakununia, ukaniuliza, "Mama, umenuna?"

Sikukwambia hata siku moja kwamba usiku nilikuwa nafurahi. Hilo nalo liandikwe.

Sasa siku yenyewe. Ulitimiza miaka kumi na minane, na upande wa baba yako hawakubali mtu mzima awe raia wa nchi mbili. Ikabidi uchague. Bibi akasema, "Chagua wewe, mimi sikai katikati." Ukachagua Kenya, na hukumwambia mtu kwa nini. Asubuhi ile Bibi alikuwa ameitwa harusini Msambweni, akanituma mimi nikusindikize ofisi ya chifu, ukapigwe msasa, yaani uhojiwe uraia wako, uombe kitambulisho. "Wewe ndiye mkubwa wake," akaniambia. "Ukamsimamie." Kazi nyepesi. Wazee watatu kwenye benchi, afisa wa usajili kwenye meza, kijana wa bara, mpole tu, jasho lamtoka, feni imeharibika.

"Sasa madam," akakwambia, "baba Mtanzania, umezaliwa Tanga. Si ungeenda tu uchukue ya huko? Kwa nini Kenya?"

"Mama yangu yuko huku."

"Kwa hii fomu mama yako ni marehemu."

"Huyo ni aliyenizaa. Mama yangu ni huyu."

Ukaninyoshea kidole. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Huyu? Ana miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Na wewe?"

"Kumi na minane."

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja kwenye benchi alicheka pia, lakini kwa wema, nafikiri alikuwa anataka kueleza. Afisa akaweka kalamu chini. "Mnanibeba ufala, ama? Niko na watu mia hapa nje." Kisha akanigeukia mimi, taratibu, kama mtu anayenipa njia. "Dada. Wewe ni mama yake?"

Neno lilikuwa moja. Ndiyo. Mzee angedakia, angeeleza, ingekuwa hadithi ya kucheka ya kumwambia Bibi jioni. Nikaona macho yote yale. Nikasikia, wallahi nilisikia, "Mtanzania! Mtanzania!" ya darasa la nne.

Nikasema, "Hapana. Mimi si mama yake. Anatania tu."

Afisa akalifunga faili lako akaliweka kwenye rundo la wenye mashaka. Likakaa miezi. Nafasi yako ya chuo cha umeme ikapita ukiwa umekaa hapa ukitengeneza swichi za majirani. Bibi aliporudi akaenda mwenyewe, mara nne, na mara ya mwisho alimwambia yule kijana maneno ambayo mtaa mzima wayajua: "Mama zake ni wawili. Mmoja amelala Tanga, mmoja ana haya. Sasa nimekuja mimi niliyewazaa wote. Andika!" Akaandika.

Watu walidhani ulinikasirikia kwa sababu ya chuo. Mimi najua sivyo. Siku ile tulipotoka ofisini tulitembea mpaka mtaa wa Shika Adabu, jua la saa saba, na wewe ukasema, "Riziki, una maji?"

Riziki. Miaka tisa hujaniita jina langu. Lilikuwa limekwishanitoka, nikachelewa kuitika.

Tangu hapo ni Riziki tu. Kwa heshima, kwa utani, kwa kunigawia chakula, hukunipunguzia kitu chochote. Umebadilisha neno moja tu, na kwenye feri sasa navuka kwa amani, hakuna anayegeuka. Nimeichukia amani hiyo sijapata kuona.

Nimelifikiria sana hili, na kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu nitakwambia nilipofika. Kuna sehemu katika ile sura ambayo tuliipita haraka kwa sababu haikuwa ya mtihani. Yasema nchi yaweza kuwa na ardhi na watu na serikali yake, ikajitangaza, na bado ikakaa inangoja nyingine ziitambue. Nilisoma hapo nikafunga kitabu. Wewe ulinitambua. Ulisimama mbele ya serikali, siku uliyotakiwa kuchagua nchi moja, ukanichagua mimi kwanza na Kenya ikafuata kwa sababu ndiko niliko. Hakuna mtu amewahi kunifanyia jambo kubwa kama hilo, na sidhani atatokea. Na mimi nikatazama foleni.

Yule kijana simlaumu. Kazi yake ni kuuliza, na karatasi haina mahali pa kuandikia andazi. Nilikuwa nikimlaumu yeye, nikamlaumu na mwalimu wa darasa la nne, nikalaumu mistari ya wazungu waliokufa zamani. Mstari uliokuumiza niliuchora mimi, kwa mdomo wangu, mlangoni pa ofisi ya chifu. Hauna jiwe wala namba.

Sitaki ulichukue hili uligeuze somo. Somo langu unalo: mimi nikiona watu huwa nakanusha. Wewe hukuumbwa hivyo. Huko chuoni mtakuwa wasichana wachache kati ya wavulana wengi na nyaya zao, na watakucheka lafudhi ya Likoni kama hawa walivyoicheka ya Tanga. Sina wasiwasi. Nawahurumia wao. Nakuona wiki ya kwanza ukiwaeleza waya upi ni upi, na wiki ya pili ukiwauliza kuku wao kama wana pasi.

Nilitaka tu ujue kwamba nilikuwa mama yako siku ile pia. Nilikuwa mama mwoga, lakini nilikuwa. Na naomba radhi, mwanangu. Si kwa sababu ya chuo.

Nilifika hapo nikainuka kutafuta pa kuificha barua hii. Bahasha ya kaki yenye karatasi zako iko mezani, nikasema niitie humo, uikute ukishafika. Nimeifungua. Sikuwa napekua, Mejumaa, karatasi ya juu ilikuwa imegeuka.

Ni fomu ya chuo. Umeijaza wiki tatu zilizopita, tarehe iko. Mwandiko wako ule wa kuegemea kulia. Jina la mzazi au mlezi: Riziki. Uraia: Mkenya. Kazi: mwanafunzi. Uhusiano: Mama. Umri hawakuuliza, Mungu amewasitiri.

Wiki tatu! Na jana umeniita Riziki mara hamsini, nami kila mara nikaitika kama mtu anayelipa deni. Ungenidokeza hata kwa jicho. Nimekaa kitandani nikacheka peke yangu, Bibi akauliza kutoka uani, "Kuna nini humo?" Nikamwambia, "Hakuna, naandika." Akasema, "Andika basi, unacheka nini?"

Barua sitaichana. Nilikuwa nimeshaifikisha ukurasa wa nne, na yaliyomo ni kweli hata kama ulishayamaliza bila mimi. Nakusikia waaga kwa Mama Zaituni, kwa hiyo niharakishe.

Kwenye fomu ile umeandika namba yangu ya simu, ya kupigiwa ukiugua, ukifaulu, ukimpiga mtu. Wajua namba nisizozijua sizipokei. Huwa naziacha zilie mpaka zichoke. Sasa sikiliza. Ikianza na mbili tano tano, hata kama niko darasani, hata kama niko katikati ya feri na watu elfu wananitazama, nitapokea. Wataniuliza mimi ni nani, nami nitawaambia, kwa sauti.

Mama yako,
Riziki